Somo: Kuunganisha mota ya umeme na gia boksi ya Suzuki Samurai

Wakuu, salaam. Wengi humu mnauliza betri gani na kilomita ngapi. Leo nabaki kwenye sentimita ishirini tu za gari, pale mota iliyochukua nafasi ya injini ya petroli inapokutana na gia boksi, kwa sababu hapo ndipo Samurai yangu ya injini ya lita 1.3 iliponitia adabu.

Mara ya kwanza nilichora matundu ya bolti kwenye kadibodi, nikahamishia kwenye chuma, nikatoboa, nikafunga. Kwa macho ilikaa safi kabisa. Nilipofika mwendo wa 40 gia boksi ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya debe. Nilipofungua, meno ya klachi pleti yalikuwa yamejaa unga mwekundu kama kutu, na beringi ya mbele ya gia boksi imekwisha. Kosa langu lilikuwa kuzitegemea bolti. Bolti kazi yake ni kubana. Kuweka katikati ni kazi ya zile pini mbili fupi zilizo kwenye bloki (mwili wa injini), ambazo wengi tunazing'oa na kuzitupa.

Hatua ya 1: Usiuze injini

Ishushe, itenganishe na gia boksi, lakini mwambie mnunuzi asubiri. Katikati halisi ya kazi hii iko kwenye krenki shafti, ile shafti kuu ya injini. Kuna wanaofuata shafti ya gia boksi inayochomoza mbele, lakini ile ikiwa haijashikwa nchani hucheza. Ishike kwa vidole uitikise, utaona.

Pima kutoka uso wa nyuma wa bloki hadi uso wa flaiwili (lile gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki) pale klachi pleti inapogusa. Laza rula ya chuma, shusha venia, pima sehemu tatu, andika ukutani. Namba yangu siwapi, maana najua mtainakili, na flaiwili iliyowahi kusagwa haina tena kipimo cha kiwandani.

Hatua ya 2: Bamba

Hili ndilo linalokaa kati ya mota na gia boksi. Nilitumia alumini ya milimita 16. Chuma cha milimita 10 kinafaa pia, ila kizito. Anza na matundu ya pini mbili, ziingie kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira. Matundu ya bolti yafuate, na hayo yakilegea nusu milimita hakuna dhambi.

Funga bamba kwenye bloki. Kwenye kichwa cha krenki funga kipande cha chuma chenye ncha kali, kisha zungusha krenki kwa mkono ili ncha ichore duara juu ya bamba. Duara hilo ndilo unalompelekea fundi wa kukereza. Mota nyingi usoni zina ukingo wa mviringo ulioinuka, kwa hiyo mwambie tundu liubane ukingo huo: mota iingie kwa kusukumwa, isitumbukie.

Rudisha bamba kwenye bloki, weka geji ya mshale (ya kupimia mchezo mdogo) kwenye krenki, zungusha duara zima huku kidole cha geji kikipita ndani ya tundu. Kumbuka mshale ukicheza 0.10, katikati imehama nusu yake, yaani milimita 0.05. Mimi sikubali zaidi ya hapo. Kazi hii ilinichukua siku mbili, na fundi wa kukereza alininunia.

Hatua ya 3: Kapla

Kapla ndiyo inayounganisha shafti ya mota na flaiwili. Mota yangu ni ya forklifti, DC ya siriz (umeme mmoja unapita koili zote mfululizo), ya kuukuu, na shafti yake ina mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachozuia kapla isiteleze. Kapla imekerezwa kutoka chuma kigumu kizima: upande mmoja unabana shafti ya mota pamoja na kii, upande wa pili una matundu ya bolti za flaiwili kama ya krenki, na katikati kuna kikalio cha ile beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Usiisahau beringi hiyo. Skrubu ya ubavuni peke yake haishikilii kapla, na kuchomelea kwenye shafti ya mota ni kuipinda.

Urefu wa kapla ndio unaorudisha kile kipimo cha ukutani. Safari hii unapimia uso wa bamba unaotazama gia boksi, kwa sababu sasa bamba ndilo bloki.

Hatua ya 4: Kufunga

Usiiache gia boksi ining'inie kwenye shafti yake unapoiunganisha. Nyanyua kwa jeki, sukuma kwa mkono. Ikigoma usivute kwa bolti, toa uangalie upya. Mkia wa mota uwekee mauntini yake, bamba lisibebe uzito wote.

Weka gari juu ya stendi, gia huru, ipe mota volti 12 kwa sekunde chache. Gusisha bisibisi kwenye gia boksi, mpini sikioni. Unatakiwa kusikia mvumo mmoja laini. Angalia pia inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume umejitengenezea gari lenye rivasi tano.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mwanza:* Fundi, asante kwa somo. Klachi ina kazi gani wakati mota haina sailensa, yaani haizunguki gari likiwa limesimama?

Kuondoka unaweza bila klachi, mota inavuta kutoka sifuri. Niliiacha kwa ajili ya kubadili gia, maana bila hiyo inabidi usubiri mota ipunguze kasi kila mara. Lakini sikiliza, kaka: mota ya siriz ukiikanyagia klachi huku mguu uko kwenye umeme, inakosa mzigo na kupanda kasi hadi kujipasua. Kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme wa mota, iwe na kikomo cha mizunguko. Hakikisha pia beringi za mota zinahimili msukumo wa pedali.

*Mwanachama, Mombasa:* Naweza kutoa gia boksi yote?

Kwenye Samurai inawezekana, kwa sababu gia boksi ndogo ya 4WD imejitenga na inaunganishwa kwa propela fupi. Ukiwa kwenye high (gia yake ya mwendo wa kawaida), uwiano wake ni 1.409, ukizidisha na wa difu wa 3.73 unapata kama 5.25. Mota ikizunguka 4,000 unakaribia kilomita 95 kwa saa. Mlimani ndipo utakapolia, ampea zitapanda na mota itachemka. Mimi nimebaki na gia boksi, mjini naendesha gia ya pili na ya tatu tu.

*Mwanachama, Arusha:* Bamba la alumini ya sufuria zilizoyeyushwa, je?

Hapana. Ile ina vitundu ndani na hupasuka. Tafuta bamba lililotoka kiwandani.

*Mwanachama, Nairobi:* Yangu inavuja oili mbele ya gia boksi, kidogo tu.

Badilisha sili kabla hujafunga mota. Kwenye injini ulikuwa uchafu wa klachi tu, hapa oili itafika kwenye brashi, zile kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota. Toboa pia tundu la milimita 8 chini kabisa ya lile bakuli la klachi (ganda la mbele ya gia boksi), ikivuja uone sakafuni.