Kumzuru Sheikh Nizamuddin Auliya mjini Delhi: mwongozo kwa msafiri wa Unguja na Pemba

Wengi wetu tunaokwenda Delhi kutibiwa au kuuguza jamaa hutamani kumzuru Sheikh Nizamuddin Auliya, walii wa tarika ya Chishti aliyefariki mwaka 1325. Kaburini kwake hujaa watu, na aliyezoea utulivu wa ziara za kwetu anahitaji kujiandaa.

1. Chagua siku. Alhamisi baada ya Magharibi husomwa kawali, yaani nyimbo za dini za Kisufi, nao msongamano huwa mkubwa mno. Ukiwa na mgonjwa au mzee, nenda asubuhi ya siku nyingine, kwani ziara haipungui thamani kwa kukosa kawali.

2. Vaa kanzu na kofia. Wanawake buibui na mtandio. Chukua noti ndogo ndogo, uziweke mfuko wa mbele.

3. Mwambie dereva wa bajaji akushushe Nizamuddin Basti, mtaa lilipo kaburi. Kwenye vichochoro, wauza mawaridi watakuita uache viatu kwao, wakitarajia ununue sahani ya maua. Patana bei kabla hujavua makubadhi, na mkubaliane kuwa hapo ndipo mtakapokutana mkipotezana.

4. Anza kwa Amir Khusrau, mshairi na muridi wa Sheikh aliyefariki mwaka huohuo, ambaye kaburi lake liko hatua chache tu kutoka la Sheikh. Ndiyo ada ya wenyeji, nami naiona ni adabu njema.

5. Kwa Sheikh mwenyewe, wanaume huingia ndani, wakanyunyiza maua, wakasoma Fatiha na kutoka bila kuwazuia walio nyuma. Wanawake hawaingii, hukaa nje penye ukuta wa marumaru uliotobolewa kwa nakshi, ambako wengi hufunga nyuzi za nadhiri. Tafadhali mwambieni mapema mama au dada mnayefuatana naye, kwa sababu kuelezwa mlangoni, katikati ya kusukumana, baada ya safari ndefu namna ile, kunaumiza sana. Dua aisomee papo hapo alipoketi.

6. Ukiletewa daftari la sadaka, toa ulichonuia tangu nyumbani, wala usione haya kwa viwango vya walioandika kabla yako.

7. Kwenye kawali, keti chini uani. Waimbaji, pamoja na hamoniamu na ngoma zao, huelekea kaburini, kwa hiyo usikate mbele yao, na usimpige picha mtu anayeomba au kulia.