Kudai fidia ya VA kwa maradhi yanayofuata tezi dume, ukiwa Malindi

Mstaafu wa jeshi la Marekani anayeishi Malindi, ambaye VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliokuwa wanajeshi) imeshakubali kuwa ugonjwa wake wa tezi dume ulitokana na utumishi, anaweza kudai pia maradhi yaliyozaliwa nao: kutokwa na mkojo, kupungukiwa nguvu za kiume, sonona, au choo kuharibika baada ya mionzi. Kama tezi dume yenyewe haijakubaliwa, dai vyote pamoja, kwani dai la pili halisimami bila la kwanza.

Tanguliza fomu 21-0966 ya kutangaza nia ya kudai. Inashika tarehe yako ya kuanza kuhesabiwa malipo kwa mwaka mmoja huku ukikusanya karatasi. Dai lenyewe ni fomu 21-526EZ: taja kila ugonjwa kwa jina lake na useme umesababishwa na nini.

Madai mengi huangukia kwenye barua ya daktari. "Huenda inahusiana" haifai kitu. Daktari aandike kwamba amesoma faili lako, kwamba uwezekano wa ugonjwa huu kutokana na tezi dume au matibabu yake ni angalau nusu kwa nusu, kisha aeleze sababu. Mzee mwenye kisukari na ajihadhari hapa: mkaguzi wa VA ataisingizia sukari nguvu zilizopotea. Barua ieleze hali ilivyokuwa kabla ya upasuaji na baada yake.

Kwa mkojo, VA huhesabu ili kupanga asilimia ya ulemavu, ambayo ndiyo kipimo cha malipo. Pedi zikibadilishwa chini ya mara 2 kwa siku ni asilimia 20. Mara 2 hadi 4, asilimia 40. Zaidi ya 4, au ukitumia kifaa cha kukingia mkojo, asilimia 60. Asiyevaa pedi hupimwa kwa safari za chooni: kuamka mara 3 au 4 usiku ni asilimia 20, mara 5 au zaidi ni 40. Vipimo hivi viwili havijumlishwi, huchukuliwa kilichozidi. Wazee wetu wa pwani huona haya, wakiulizwa hujibu "naendelea vizuri, alhamdulillahi", na daktari huandika hivyohivyo. Andika hesabu daftarini kila siku, umkabidhi daktari aiingize kwenye faili. Mkeo naye atoe ushahidi kwa fomu 21-10210. Akiandika Kiswahili, ambatisha tafsiri ya Kiingereza.

Upungufu wa nguvu za kiume kwa kawaida hupewa asilimia 0, na wengi huacha kudai wakisikia hivyo. Msiache: una nyongeza yake ya kila mwezi, iitwayo SMC-K, juu ya asilimia nyingine.

Mwenye saratani ya tezi dume hulipwa asilimia 100 wakati wa matibabu na miezi 6 baadaye, kisha huitwa kupimwa upya. Baada ya hapo hupimwa kwa madhara yaliyobaki tu, kwa hiyo dai madhara hayo mapema, faili lingali na karatasi mpya.

Ukiitwa na VA kupimwa, nenda; kukosa bila sababu ya maana kunaweza kuliangusha dai. Matibabu ya ugonjwa uliokubaliwa hapa Kenya hulipiwa na mpango wa VA wa matibabu ya nje ya Marekani, hivyo weka risiti zenye jina la ugonjwa. Anayekuomba pesa ili akuandikie dai la kwanza anavunja sheria. Wawakilishi wa mashirika ya wastaafu waliosajiliwa na VA hufanya kazi hiyo bure.

Ukikataliwa, una mwaka mmoja wa kupinga uamuzi bila kupoteza tarehe yako. Ukipata barua bora ya daktari, itume kwa fomu 20-0995.