Kuchagua taima ya kuaminika kwenye seva kuukuu ya Linux

Mwongozo huu unawahusu wanaotunza seva zilizoundwa kwa kompyuta za mezani zilizokwishatumika, kama zilivyo nyingi katika ofisi ndogo za Dodoma. Fikiria ghala la mahindi Kibaigwa, ambako kila mzigo unaopita kwenye mizani huandikwa pamoja na saa yake. Taima, yaani kihesabu ambacho seva hukitumia kujua muda, ikiyumba, mzigo wa mwisho waweza kuonekana umepimwa kabla ya uliotangulia, na mwenye mali hatasikiliza maelezo yoyote kuhusu prosesa.

Hatua ya 1. Tambua kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inasoma muda kutoka wapi:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Mara nyingi jibu ni tsc, kihesabu kilichomo ndani ya prosesa, ambacho husomwa haraka sana. Vingine, yaani hpet na acpi_pm, viko nje ya prosesa na husomwa polepole zaidi. Vilivyopo vimeorodheshwa katika faili la available_clocksource.

Hatua ya 2. Soma malalamiko ya kerneli:

sudo dmesg | grep -iE 'tsc|clocksource'

Kerneli ina mlinzi ambaye kila nusu sekunde hulinganisha tsc na kihesabu kingine, na tofauti ikizidi kiwango huandika neno unstable, kisha huhamia kwingine. Prosesa za zamani zilibadili kasi ya tsc kila zilipopunguza mwendo ili kuokoa umeme, au ziliisimamisha kabisa zilipolala. Tafuta alama za constant_tsc (kasi haibadiliki) na nonstop_tsc (haisimami) ndani ya /proc/cpuinfo. Zikikosekana, mimi siitegemei tsc.

Hata kihesabu kingine ambacho mlinzi hukitumia kulinganisha kinaweza kuwa na dosari zake. Kihesabu cha acpi_pm huenda kwa 3.579545 MHz na kwa kawaida kina biti 24 tu, hivyo hurudi sifuri kila baada ya sekunde 4.7 hivi, na kerneli lazima ikisome kabla hakijakamilisha mzunguko. Katika chipu za PIIX4 za Intel, kukisoma wakati kinabadilika kuliweza kutoa namba ya uongo. Ndiyo maana kwenye chipu hizo kerneli hukisoma mara tatu, na hurudia mpaka namba zifuatane.

Hatua ya 3. Jaribu kihesabu kingine bila kuzima seva, ikiwa hpet imo kwenye orodha:

echo hpet | sudo tee /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Kisha fuatilia mstari wa Frequency katika jibu la amri chronyc tracking kwa siku nzima ya kazi; chrony ni programu inayosahihisha saa ya seva kupitia mtandao. Kosa la 100 ppm (sehemu 100 kwa milioni) ni sekunde 8.64 kwa siku, lakini ukubwa wake haunisumbui: kosa lisilobadilika chrony hulisahihisha, ilhali linalopandapanda na kushuka ni dalili ya taima mbovu.

Hatua ya 4. Ukiridhika, ongeza clocksource=hpet kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX ndani ya /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha Linux, endesha sudo update-grub ikiwa unatumia Debian au Ubuntu, kisha washa upya. Usikimbilie tsc=reliable, ambayo wengi huiandika ili malalamiko yaishe: inamwondoa mlinzi tu, na kihesabu kinabaki kilivyokuwa.

Seva ikirudi na tarehe ya zamani baada ya umeme kukatika, tsc haihusiki hapo. Badilisha betri ya ubao mama, ambayo kwa kawaida ni CR2032.