Mkate wa ufuta, kwa chuma na mkaa

Hapa Unguja ukitumwa mkate, uliza kwanza mkate gani. Wa dukani ni boflo. Wa kusukuma ndio huo wenzetu wa bara wanaouita chapati. Wa maji ni ule mwembamba wa kumwaga chumani, wa kumimina ni wa mchele na tui, na wa mayai ni keki khasa. Yote mikate, na nalipenda neno hili kwa ukarimu wake. Lakini nikiulizwa mimi, mkate ni wa ufuta, na mwezi wa Ramadhani siku usipokuwepo naona futari haijatimia.

Chukua unga wa ngano vikombe 3, hamira kijiko kimoja cha chai kilichojaa, chumvi kiasi na yai moja. Kuna nazi kubwa, ukamue tui zito, kikombe kimoja na robo tatu. Tui liwe vuguvugu tu. Likiwa la moto linaua hamira na unga hauumuki. La kopo pia linafaa, ila harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi huipati.

Changanya, kisha uupige unga kwa mkono, na hapa usione uvivu. Piga mpaka uwe laini na uvutike ukiunyanyua. Uwe mzito kuliko wa mkate wa maji, mwepesi kuliko wa kusukuma, yaani hausukumiki wala haumiminiki. Funika, uache uumuke mpaka ujae mara mbili.

Washa seredani, mkaa ushike vizuri. Weka chuma kipate moto, na usitie mafuta hata tone. Wengi wanaharibu hapo. Mkate huu lazima ugande, kwa sababu baadaye utakigeuza chuma kizima kifudifudi kuelekea makaa. Vikaango vya siku hizi visivyogandisha havifai kabisa: ukigeuza tu, mkate wako uko motoni.

Chovya mkono kwenye maji yenye chumvi kidogo, chota unga, utandaze chumani unene wa kidole. Utaona vitundu vinatokeza juu. Ukikauka chini, nyunyiza ufuta mwingi, usibane mkono, halafu shika mpini ukigeuze chuma juu ya makaa. Kizungushezungushe ili rangi ienee, maana makaa hayalingani moto. Ukiwa na jiko la gesi, tumia oveni yenye moto unaotokea juu.

Ukishapata rangi ya hudhurungi, pitisha kisu pembeni uubandue, kisha upake samli hapo hapo ungali moto. Kula na mchuzi wa kuku wa nazi au mishikaki. Ukibaki mpaka asubuhi, upashe juu ya chuma kwa moto mdogo, unywe na chai ya maziwa.