Kabla hujakabidhiwa kikosi: maandalizi ya mchumaji chai anayetazamiwa kuwa msimamizi

Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, Tanzania, anayependekezwa kuwa msimamizi mara nyingi ni yule ambaye kilo zake haziyumbi. Anastahili. Lakini mkono mwepesi haumfundishi mtu kugawa mistari, wala kumweleza mama wa rika la mama yake kwamba majani yake ni magumu. Hayo yajifunze mapema, kwa sababu ukishakabidhiwa kikosi, kosa lako linalipwa na mwenzako.

Anza mwezi Juni. Kuanzia hapo hadi Agosti baridi huibana chai, majani huwa machache, na msimamizi wako ana nafasi ya kukuelekeza. Mvua zikishashika, majani hukimbia kuliko mikono.

Wiki mbili za kwanza usiombe chochote. Nunua daftari dogo, kila jioni andika mambo manne: watu waliofika, saa mzani ulipofunguliwa, saa gari lilipofika, na kilichosimamisha kazi. Baada ya siku 12 za kazi utaona muda unapotelea wapi. Wengi hudhani ni uvivu. Daftari huonyesha gari lililochelewa, au watu waliosubiri kugawiwa mistari huku jua limeshapanda.

Kisha mwombe msimamizi akupe mtu mmoja mgeni umfundishe. Mmoja tu. Chuma mbele yake taratibu, majani mawili na chipukizi, halafu nyamaza umwangalie akifanya. Usimuulize "umeelewa?", maana atajibu ndiyo. Mwambie akueleze kwa maneno yake kipi kinachumwa na kipi kinaachwa.

Kupima ubora, usitegemee jicho. Chota majani kutoka juu, katikati na chini ya kikapu, yamwage juu ya gunia safi, uhesabu vikonyo 100, yaani vijiti vilivyochumwa pamoja na majani yake. Weka upande mmoja vyenye majani mawili au matatu laini, upande wa pili vilivyokomaa au kuchanika. Kwa kuwa umehesabu 100, idadi ya upande wa kwanza ndiyo asilimia yenyewe, na mchumaji anaiona kwa macho yake. Ingiza pia mkono katikati ya mfuko. Majani yaliyoshindiliwa hupata joto, na yakikaa hivyo hugeuka mekundu kabla ya kufika kiwandani. Ukihisi uvuguvugu, yatawanye kivulini mara moja.

Sasa sehemu ngumu, kumrekebisha mtu. Kwanza tafuta chanzo. Kipande kikipitwa na mzunguko wake wa kuchumwa, majani hukomaa kichakani, na hata mchumaji hodari ataleta magumu. Kumkaripia hapo ni kumwonea. Ukiwa na hakika kwamba tatizo ni uchumaji, subiri apime, kisha mwite pembeni, mbali na foleni:

"Shikamoo mama. Naomba tuangalie kikapu pamoja. Kwenye vikonyo 100, 35 vimekomaa. Mistari yako ikoje leo?"

Salamu, hesabu, swali, basi. Usimlinganishe na mwingine, wala usikumbushe ya juzi. Msikilize mpaka amalize, kisha mkubaliane jambo moja la kufanya kesho, na kesho hiyo urudi uangalie. Asiyerudi kuangalia hufundisha watu kwamba maneno yake hayana uzito. Na aliyekemewa mbele ya foleni hatakumbuka vikonyo, atakumbuka aibu.

Ugawaji wa mistari ndio huvunja vikosi vingi. Mistari ya karibu na mzani ni minono kwa sababu mtu hapotezi muda kubeba. Ya bondeni huchosha. Chora kipande kwenye daftari, wape watu namba, na wazungushe kila siku. Ndugu yako na uliyekuwa ukichuma naye bega kwa bega wafuate namba zao kama wengine, tena tangu siku ya kwanza. Ukilegeza wiki moja, kurudisha ni vita.

Jifunze sheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na hazizidi 50 katika wiki nne. Msimamizi asiyejua haya huahidi asichoweza kutoa, au huwabakiza watu shambani bila kuandika saa zao.

Wiki ya mwisho omba ushike kikosi nusu siku, msimamizi akiwepo shambani. Kabla ya kupima, hakikisha mzani mtupu unasoma sufuri mbele ya wachumaji. Kama majani yamelowa ukungu, tangaza makato ya maji kabla ya kikapu cha kwanza, kamwe si baadaye. Weka kikapu chako chini; ukichuma huku unasimamia, hutaona aliyekwama mstari wa mwisho. Jioni muulize msimamizi maswali mawili: wapi nilichelewa kuamua, na nani sikumsikiliza? Andika majibu kwenye daftari lile lile, uombe nusu siku nyingine.