Vitamini unazo jikoni tayari, usizimwage na maji ya mboga

Watu wananiuliza sana wanywe vidonge gani vya vitamini, na mimi huwa nawarudisha kwanza kwenye sufuria, maana mtu anaweza kununua mboga nzuri kila siku alafu vitamini kibao zikaishia kwenye sinki. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Osha kwanza ndo ukate. Vitamini C na zile za kundi B zinayeyuka kwenye maji, yani ukikatakata mboga ndogondogo ukailoweka zinaondoka na maji. Osha majani yakiwa mazima, kung'uta, kata makubwa makubwa muda wa kupika ukifika.

Hatua ya 2: Maji kidogo, mfuniko, muda mfupi. Hapa ndo wengi wanaharibu. Spinachi weka kwenye sufuria iliyopata moto na yale matone yaliyobaki baada ya kuosha, funika, dakika 3 au 4 inanywea na bado ni ya kijani kabisa, ipua hapohapo. Ukiona imekuwa rangi ya kaki ujue umepitiliza. Mchuzi uliobaki chini usimwage, ule.

Hatua ya 3: Tia mafuta. Vitamini A, D, E na K mwili unazifyonza vizuri zikiwa na mafuta, kijiko cha chai kinatosha. Karoti yenyewe ni tofauti na spinachi, kuipika kunasaidia, karotini yake inayogeuka vitamini A inatoka kirahisi zaidi.

Hatua ya 4: Tunda bichi kwenye mlo wa maharage au dengu. Chungwa moja la wastani linakaribia vitamini C ya siku nzima ya mtu mzima, na pia linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye hayo maharage.

Hatua ya 5: Vitamini B12. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, mboga hazikupi. Kama huli kabisa vitu vya wanyama basi hapo kweli tafuta vidonge au chakula kilichoongezewa B12, usichelewe, upungufu wake unaharibu neva. Vitamini D nayo vyakula vyake ni vichache, samaki wa mafuta na kiini cha yai, nyingine unapata juani.

Mjamzito usile maini mara kwa mara, vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto tumboni. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asiongeze majani ya kijani ghafla kabla hajaongea na daktari, vitamini K inapunguza nguvu ya hiyo dawa.