Kuandaa mdahalo kuhusu fidia ya Maji Maji

Mada ikiandikwa "Ukoloni ulikuwa mbaya", mdahalo umeshakufa, maana hakuna wa kupinga. Andika: "Ujerumani ilipe fidia kwa Vita vya Maji Maji, 1905–1907." Hapo kila msemaji ana lake: wa kwanza kosa, wa pili nani anadaiwa leo, wa tatu deni lilipwe kwa kitu gani.

Wasemaji watatu kila upande, dakika 5 kila mmoja. Nyongeza za ukumbini dakika 20, kuhitimisha dakika 4 kila upande. Jumla 58, vipindi viwili vinatosha.

Wiki moja kabla, pande zote zikubaliane takwimu, la sivyo muda wote utaishia kwenye hesabu. Wajerumani waliandika vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi walikufa kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala. Msemaji anayedhani wote waliuawa kwa risasi atabanwa kwa swali moja tu la ukumbini.

Upande wa kupinga hauchelewi kusema "zama zile hawakujua kuwa ni vibaya". Walijua. August Bebel, kiongozi wa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, na wenzake walishutumu ukatili wa makoloni ndani ya bunge la Berlin lenyewe. "Walijenga reli" nayo haina nguvu: Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikaelekea Kigoma, haikupita Umatumbi wala Ungoni, kulikopiganwa vita.

Hoja nzito ya wapinzani ni kwamba askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Wanaounga mkono huikwepa, na hapo ndipo hupoteza. Waikubali, kisha waulize amri ilitoka kwa nani. Gavana wa koloni alikuwa Mjerumani, von Götzen.

Msemaji wa tatu asidai "fidia" hewani. Ataje Namibia, ambako Wajerumani waliwaua Waherero na Wanama kwa maelfu: mwaka 2021 Ujerumani iliahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini ikakataa kuziita fidia, na Waherero na Wanama wengi wakapinga. Ataje Songea, ambako Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023, huku fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, likiwa bado linatafutwa.

Kura zipigwe kabla na baada, ushindi uende kwa upande uliovuta watu wengi zaidi. Kura ya mwisho peke yake huwabeba wanaounga mkono hata wakiongea ovyo.